Jentrifikesheni si mtaa kupakwa rangi

Mtaa ukiwekewa lami, taa za barabarani na mkahawa mmoja wa kisasa, siku hizi utasikia watu wakisema umeingiwa na jentrifikesheni. Wengine hulitamka neno hilo kama sifa, na huongeza kwamba hata muziki wa mtaa umenufaika: kumbi ni nzuri zaidi, spika ni za maana, wasikilizaji wana hela. Kwa matumizi hayo, neno limebaki na ganda tu.

Kwa ufupi, jentrifikesheni ni watu wa kipato kikubwa kuhamia mtaa wa watu wa kipato cha chini, kodi ya pango na bei za nyumba zikapanda, na wenyeji wakalazimika kuondoka. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa, na bila hicho hakuna jentrifikesheni.

Aliyelibuni neno ni Ruth Glass, mwanasosholojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi London. Mwaka 1964 alieleza jinsi vijumba vya wafanyakazi, vyumba viwili chini na viwili juu, vilivyokuwa vikichukuliwa mikataba ya upangaji ilipokwisha, kisha vikageuzwa makazi ya kifahari. Jina alilitoa kwa “gentry”, lile tabaka la Waingereza walioishi kwa mapato ya ardhi yao, na alilitumia kwa ukali. Alisema jambo hilo likishaanza huenda mbio mpaka wakazi wa asili, wote au wengi wao, wawe wameondolewa. Tangu siku ya kwanza, basi, neno lilihusu nani anaishi wapi. Rangi ya ukuta haikuwa hoja yake.

Ukilishika hivyo ndipo unapoelewa jinsi jentrifikesheni inavyouathiri muziki, hasa ule wa kubuni papo kwa papo ambao haujawahi kujaza viwanja. Muziki huo unahitaji nafasi ya bei ndogo kuliko unavyohitaji jukwaa zuri. Miaka ya 1970, viwanda vilipokuwa vimehama sehemu ya chini ya Manhattan, jijini New York, maghorofa yao yalibaki wazi. Mpiga saksafoni Sam Rivers na mkewe Beatrice waliendesha Studio Rivbea mtaa wa Bond. Mpiga dramu Rashied Ali alikuwa na Ali's Alley mtaa wa Greene. Mahali kama hapo mtu aliweza kupiga dramu usiku bila jirani kugonga ukuta, akarudia jambo lile lile wiki nzima hadi likae sawa, kisha akalipigia watu ishirini. Kodi ikiwa ndogo, watu ishirini wanatosha. Ikipanda mara tatu, mwenye ukumbi hutafuta bendi ya kumjazia baa, na aliyekuwa akijaribu jambo jipya hukosa pa kulikosea.

Mwaka 1971 jiji liliwaruhusu wasanii waliothibitishwa kuishi kihalali katika majengo ya SoHo, mtaa wa huko huko Manhattan. Zikafuata nyumba za sanaa, yakafuata maduka, wakafuata wenye fedha. Kufikia mwisho wa muongo ule kumbi zote mbili nilizozitaja zilikuwa zimefungwa. Kodi haikuwa sababu pekee, lakini nafasi ya namna ile haikupatikana tena pale. Wanamuziki walisogea mitaa mingine, nako yakawafuata yale yale: Aprili 2007, ukumbi wa Tonic ulipofungwa huko Lower East Side, mpiga gitaa Marc Ribot aligoma kutoka na akakamatwa na polisi.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Washington. Go-go ni muziki wa watu Weusi wa jiji hilo, wa tumba na midundo isiyokatika, wimbo mmoja ukiingia ndani ya mwingine. Katika mtaa wa Shaw, duka moja la simu lilikuwa likiupiga kwa spika za nje tangu miaka ya 1990. Mwaka 2019 duka liliamriwa kuzima baada ya malalamiko kutoka jengo jipya la kifahari la jirani. Watu walimiminika barabarani, na muziki ukarudi. Mwaka uliofuata go-go ikatangazwa kuwa muziki rasmi wa jiji. Nilifurahi, lakini tazama upande wa pili: mwaka 1970 watu Weusi walikuwa takriban asilimia 70 ya wakazi wa Washington, kufikia sensa ya 2020 walikuwa karibu asilimia 41.

Hata kinga za kisheria hukwama hapo hapo. Uingereza, tangu 2018, sera ya mipango miji inamtaka anayejenga karibu na ukumbi wa muziki agharimie mwenyewe kuzuia sauti. Ni sera nzuri, naiunga mkono kwa moyo wote. Inamzuia jirani mpya asiufunge ukumbi kwa kulalamikia kelele, lakini haimzuii mwenye jengo kupandisha kodi.

Kwa hiyo, tafadhali, kabla ya kulitumia neno, uliza wapigaji wa mtaa ule wanaishi wapi sasa. Kama bado wapo, na watoto wao wanafanyia mazoezi pale pale, sema tu mtaa umeboreshwa. Kama wanapanda treni saa nzima kuja kupiga muziki wao mahali walipozaliwa, basi hapo umelipatia.