Laptopu imeibiwa, umepata nukta kwenye ramani. Tulia kwanza

Jamani, nimechoka na hili swali la "si uiangalie tu kwa satelaiti iko wapi?" Laptopu nyingi hazina GPS kabisa. Programu ya kufuatilia laptopu iliyoibiwa inasikiliza waifai za jirani, inatuma namba za hivyo vifaa kwenye seva inayojua viko wapi, ikikosa inabahatisha kwa anwani ya IP (namba ambayo mashine inaonekana nayo kwenye intaneti), na hayo yote mpaka mashine iwashwe na ipate intaneti.

Sasa hiyo IP ndo inaniudhi. Mtu anakuja nayo kama kashika kitambulisho cha mwizi, anataka twende tukagonge mlango leo leo! IP mara nyingi inakupa mji tu, tena pengine mji ambao mwizi hajawahi kukanyaga, na siku hizi wateja kibao wanatokea kwenye IP moja, kwa hiyo ili ajulikane alikuwa nani kampuni ya intaneti inahitaji IP, namba ya poti (inayotenganisha wateja waliomo kwenye IP hiyo moja) na muda kamili hadi sekunde, na wewe hawakupi, wanawapa polisi wakifuata sheria, na logi zenyewe, yaani kumbukumbu za nani alitumia nini, hazikai milele. Waifai je? Afadhali, ila hata ikikosea mita 30 tu, kwenye ghorofa hapo ni milango mingapi, juu na chini? Usiende mwenyewe. Wapelekee polisi ripoti ya programu, siriali namba na risiti.

Ikifomatiwa, programu ya kawaida kwisha habari. Absolute, ile ya zamani Computrace, ina kipande ndani ya fimwea, ile programu ya msingi iliyomo kwenye mashine yenyewe na si kwenye diski, kwa hiyo Windows ikiwekwa upya inajirudisha, ila iwe iliwezeshwa kabla ya wizi. Mac nazo tangu 2019 zinaweza kunaswa kwa Bluetooth na vifaa vya Apple vinavyopita karibu, hata bila intaneti. Hapo navua kofia.

Kinachonisumbua mpaka leo ni enkripsheni, yaani kufunga mafaili ya diski yasisomeke bila ufunguo. Diski ikidai PIN kabla Windows haijaamka, mwizi haingii, sawa, lakini na programu nayo haiamki, itaripoti nini? Wengine wanaacha akaunti ya mgeni wazi iwe chambo, mwizi aingie nayo programu iamke. Mimi mafaili yangu kwanza, mashine iende. Ila mtu ambaye hiyo mashine ndo mtaji wake wote, akiniuliza afanye lipi, huwa najing'ata ulimi.