Huo si utani: tunavyowaelewa vibaya watoto wanaoonewa shuleni

Mwaka mmoja nikifundisha darasa la tano hapa Tabora mjini, alihamia kwetu mvulana kutoka Kaliua. Wazazi wake walibaki kwenye tumbaku, yeye akaletwa kwa shangazi yake hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, ili asome. Siku ya pili tu, saa ya mapumziko, akatoa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye begi. Toka hapo hakuwa na jina lingine. Akiingia darasani, "Matobolwa!" Akisimama kujibu swali, utasikia mtu huko nyuma anatafuna kwa makelele. Nami, Mungu anisamehe, siku ya kwanza nilicheka.

"Ni utani tu." Kauli hii inanikera kuliko zote, maana sisi wa huku utani tunaujua. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana tangu enzi za misafara. Hata msibani mtani anaweza kuzuia shughuli mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi hayajakauka. Lakini utani una masharti yake: nikikutania, nawe una haki ya kunirudishia, tena kwa kunipita, na watu wakacheka upande wako. Mtoto yule alikuwa mmoja, wao sitini na kitu. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Sweden na Norwei miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: unafanywa kwa makusudi, unarudiwarudiwa, na anayefanyiwa hana ubavu wa kujitetea. Hapo utani unaingilia wapi?

Wengine husema dawa ni kumfundisha mtoto kurudisha ngumi. Wazee wangu walinifundisha hivyo pia. Angekuwa na ubavu huo, wasingemchagua yeye.

"Ameshuka kwa sababu ni mvivu." Mwisho wa muhula shangazi alikuja na ripoti mkononi, amefura. Mtoto aliyekuwa wa nne kule kwao, huku wa hamsini na mbili! Alitaka nimchape. Nikachukua daftari la Hisabati nimwonyeshe huo uvivu, nikaumbuka mimi: hesabu za sehemu zote alikuwa amezipata. Hesabu hizohizo nilikuwa nimemwita ubaoni akaniambia "sijui, mwalimu". Alijua. Ila kwenda ubaoni ni kupita katikati ya madawati ya wale wanaotafuna.

Wengi hawaoni jinsi alama zinavyopotea. Mtoto hanyooshi mkono, haulizi asipoelewa, anakaa pembeni kazi ya vikundi ikianza, Jumatatu anaumwa tumbo. Kichwa chake kinalinda mgongo, hakisikilizi somo. Katika mitihani ya kimataifa ya PISA ya 2018, ambayo Tanzania haikushiriki, wanafunzi 23 kati ya kila 100 katika nchi za OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, kwa wastani, walisema wanaonewa angalau mara chache kwa mwezi. Walioonewa mara kwa mara walikuwa nyuma kwa pointi 21 katika kusoma, hata hali ya maisha ya nyumbani ilipozingatiwa. Kweli, namba peke yake hazisemi kipi kilitangulia, kwani mtoto aliyekwama kimasomo naye huchekwa. Kwa huyu wangu, daftari lilisema.

"Wasichana hawaoneani." Kaa karibu na uwanja wanapocheza rede. Yupo ambaye kila siku anajaza mchanga kwenye chupa na kuokota mpira, zamu yake ya kucheza haifiki. Hakuna aliyemgusa. Amesusiwa tu, na mwalimu wa zamu anaandika kwamba hali ni shwari.

Halafu kuna hili la "usiwe mnoko". Watoto wanaona, wananyamaza, nasi watu wazima tunadhani hawana la kufanya. Watafiti wa Kanada waliorekodi watoto wakiwa viwanjani walichapisha matokeo yao 2001: karibu matukio tisa kati ya kumi yalikuwa na watoto wenzao wanaotazama. Pale mmoja wao alipoingilia, zaidi ya nusu ya matukio yaliisha ndani ya sekunde 10. Kwa jambo zito zaidi, mtoto au mzazi anaweza kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo.

Dhana ya mwisho niliishika mwenyewe kwa miaka: kwamba marafiki ndio wanaoharibu masomo, mtoto mzuri ni wa peke yake na kitabu chake. Nilikuwa nawatenganisha waliokaa pamoja, najiona nimefanya kazi. Utafiti mmoja uliochapishwa 1999 ulifuatilia watoto kwa mwaka. Walioonewa bila rafiki wa dhati walizidi kuharibikiwa kitabia na kihisia, wenye rafiki hata mmoja hawakuzidi. Si marafiki kumi. Mmoja.

Wa kwetu alikuwa mtoto wa muuza asali, mtundu, wa mwisho mwisho darasani, ambaye nisingemchagulia mtu awe rafiki yake. Siku moja mapumzikoni alimwendea yule mvulana mbele ya wote, akanyoosha kiganja: "We, hebu nipe kipande." Akatafuna, akaomba kingine. Kesho yake alikuja na asali kwenye kichupa cha dawa, wakawa wanachovya.

Wiki kadhaa baadaye, kipindi cha Hisabati, Matobolwa alinyoosha mkono. Jibu lilikuwa la kukosea.