Kwadi ya Malindi ikipanda Iten: kabureta inataka nini

Kwadi nyingi, yaani pikipiki za magurudumu manne, ninazozitengeneza hapa Malindi zimeishi umri wake wote usawa wa bahari: mchanga wa Mambrui, njia za Marafa, ufuo wa Watamu. Siku hizi wenyewe huzipakia kwenye lori wakaenda kuziendesha bara, na simu zinazonifikia kutoka huko hufanana. Mashine haivuti. Inatoa moshi mweusi. Inakunywa mafuta kupita kiasi, na plagi ikifunguliwa imejaa masizi. Mwenyewe huwa ameshaambiwa ringi zimekwisha, avunje injini. Tafadhali usivunje kitu kabla ya kuitazama kabureta.

Nazungumzia mashine za zamani, zile zisizo na kompyuta: Honda FourTrax 300, Yamaha Warrior, Banshee na wenzao. Mpya zenye injekta zina kihisi kinachopima hewa na kupunguza mafuta zenyewe. Kabureta haina akili hiyo. Inavuta petroli kwa mvuto wa hewa inayopita kooni mwake, kupitia tundu ambalo ukubwa wake haubadiliki.

Huku pwani kanieneo ya hewa ni kama hektopaskali 1,013. Iten, mji wa milimani huko Elgeyo-Marakwet, kwenye mita 2,400 hivi, inashuka karibu na 757. Wanariadha wanakwenda kufanya mazoezi kule kwa sababu hiyohiyo. Ukilinganisha joto la Malindi la digrii 30 na ubaridi wa Iten wa digrii 18, uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda unapungua kwa takriban asilimia 22. Ubaridi unasaidia kidogo, maana hewa baridi ni nzito, lakini haufuti tofauti.

Petroli nayo inapungua, ila si kwa kiwango hicho. Hewa ikipungua kwa asilimia 22, petroli inayovutwa inapungua kama asilimia 12 tu. Hapo ndipo tatizo lote lilipo. Kama hapa injini ilikuwa inapata sehemu 13 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kule inapata kama 11 na nusu. Mchanganyiko umekuwa mzito, yaani petroli imezidi hewa, na injini inasongwa.

Kuna watu wanaosikia "hewa imepungua" wakafungua kifuniko cha boksi la filta ili iingie zaidi. Nawaomba muache. Hewa ya mlimani ni nyepesi hata uing'oe filta nzima, na utakachoongeza ni vumbi jekundu linalokula silinda. Dawa ni kupunguza petroli.

Lakini kabla ya kugusa jeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli, mashine iwe imekaa sawa hapahapa Malindi. Nasisitiza hili kuliko yote. Kwadi zetu zinasimama miezi mizima wakati wa masika, wageni hawapo, na petroli inabaki ndani ya bakuli la kabureta mpaka inageuka gundi. Chumvi ya bahari nayo inaotesha unga wa kijani kwenye shaba ya jeti na unga mweupe kwenye alumini. Kabureta ya namna hiyo ina makosa mawili au matatu yanayofichana, na ukiipandisha mlimani hutajua unarekebisha lipi. Ifungue yote, ioshe, ipulize kwa kompresa. Tundu la jeti usilichokonoe kwa waya wa breki: shaba ni laini, waya unalipanua, na namba iliyoandikwa juu yake inakuwa uongo. Mimi natumia kipande cha mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni. Unapita, unasukuma uchafu, haukwaruzi.

Tazama pia urefu wa boya, kile kinachoelea bakulini na kufunga petroli ikijaa. Boya likikaa juu kuliko inavyotakiwa, mchanganyiko unakuwa mzito hata pwani. Na kama kabureta yako ni ya diaframu, utando wa raba unaoinua slaidi (kizibo kinachofungua koo), imulike kwa tochi: tundu dogo tu kwenye raba linatosha kuizuia slaidi isipande, na udhaifu huo utausingizia mlima.

Sasa jeti. Fundi mzuri huanza na ile kubwa, kwa sababu ndiyo inayotawala mafuta yakibonyezwa kuanzia robo tatu hadi mwisho. Sindano, inayoning'inia kwenye slaidi na kupanda nayo, inatawala katikati, kutoka robo hadi robo tatu. Jeti ndogo na skrubu yake zinatawala mwanzo kabisa na injini ikinguruma mahali pamoja. Bandika ukanda wa tepu karibu na kile kiwiko cha kidole gumba cha kubonyezea mafuta, utie alama za robo, nusu na robo tatu, ili mashine ikisita ujue inasita wapi. Bila alama hizo unabahatisha.

Kwa kabureta za Keihin, namba ya jeti kubwa ni upana wa tundu kwa mia za milimita: 130 ni milimita 1.30. Ukitaka kupunguza petroli kwa asilimia 12, usikate asilimia 12 kwenye namba, kwa sababu petroli inafuata eneo la tundu. Ukianzia 130, namba 122 inatosha kwa Iten. Mikuni, watengenezaji wengine wa kabureta, wana hesabu nyingine ya namba, kwa hiyo usihamishe jeti ya huku kwenda kule kwa kulinganisha tarakimu. Na jeti ya bodaboda inayoingia nyuzi zake si lazima iwe sahihi.

Baada ya jeti kubwa, kama katikati bado kuna uzito, shusha sindano kwa kupandisha klipu inayoishikilia ngazi moja. Moja tu, kisha ujaribu. Mwisho skrubu, na hapa mafundi wengi hukosea. Skrubu iliyo upande wa filta inatawala hewa: ukiifungua, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Iliyo upande wa injini inatawala mafuta: ukiifungua, unaongeza uzito. Zinafanana kwa macho na zinafanya kazi kinyume. Jua kwanza yako ni ipi.

Jaribu kwa plagi mpya. Panda kilima mafuta yakiwa yamebonyezwa mwisho, shika klachi na uzime injini hapohapo, kisha ufungue. Rangi ya kahawia kwenye kauri ni nzuri. Masizi, bado kuna uzito. Nyeupe kama chokaa, umepunguza kupita kiasi. Rudi nyuma mara moja.

Hata ukipatia yote, nguvu ya pwani hutaipata. Hewa iliyokosekana imekosekana, na takriban moja ya tano ya nguvu imekwenda nayo. Kwa mashine ya mnyororo, kupunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele husaidia kupanda kuliko kuendelea kuihangaisha kabureta.

Wanaokaa Iten hupenda kuteremka hadi bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini, kwenye joto kali. Kwa safari hiyo usitumie 122. Kwenye mita 1,200 na digrii 32 hesabu inanipa 125, na hiyo ndiyo ningeiweka kwa siku nzima. Juu itakuwa nzito kidogo, itakula plagi. Chini haitaunguza kitu. Siku zote chagua jeti kwa sehemu ya chini kabisa utakayoivuta mashine kwa nguvu, kwa sababu mchanganyiko mzito unachafua, mchanganyiko mwepesi unatoboa pistoni. Kwa tustroki (injini ya mipigo miwili) kama Banshee hatari ni maradufu: oili yake imo ndani ya petroli, kwa hiyo ukipunguza petroli umepunguza na ulainishaji.

Ndiyo maana jeti ya Malindi ifungwe kwenye karatasi, iandikwe namba, iwekwe pamoja na spana zako. Kwadi ikishuka kwenye lori hapa, irudishe jeti hiyo, na klipu ya sindano mahali pake, kabla ya kwenda mchangani. Mchanga laini wa Mambrui unakulazimisha kubonyeza mafuta mpaka mwisho kwa muda mrefu, katika joto la kaskazi, na pistoni iliyopewa petroli ya Iten haitavumilia.