Je, wajua kwa nini chikanda haipandwi kama viazi?

Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba, kusini-magharibi mwa Tanzania, utajikuta unahesabu kona. Wenyeji huiita barabara ile Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake kali, na mgeni huacha kuhesabu kwenye ishirini na kitu, tumbo likishaanza kulalamika. Huko juu miti inapungua, baridi inaingia kwenye mikono ya shati, na mbele yako inatandaa nyika ya Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari.

Ni huko, kwenye shamba la viazi mviringo, mzee mmoja aliponiuliza swali lililonishinda palepale. "Kijana wangu, wewe umesoma. Chikanda ina soko, wanunuzi wanaifuata mpaka huku kwetu. Mbona hatuipandi? Si kiazi kama viazi vingine?"

Nilibabaisha jibu, tukacheka, nikaondoka. Swali lake lakini halikuondoka.

Kwa asiyeijua, chikanda ni viazi vidogo vya okidi, mimea ya mwituni inayotoa yale maua ambayo watalii hulala kifudifudi kuyapiga picha. Huchimbwa hasa viazi vya jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Walaji wakubwa wako ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, nchini Zambia. Viazi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi, kisha hupikwa hadi mchanganyiko ushikane, ukatwe vipande kama nyama. Kilikuwa chakula cha Wabemba, siku hizi kinaliwa mijini na watu wa kila kabila. Okidi zilipopungua kwao, wafanyabiashara wakageukia milima yetu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalisema viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka kwenda Zambia. Hapo ndipo swali la mzee linapokuwa na uzito: kitu kinachouzika kiasi hicho, mkulima anakosaje kukipanda?

Tuanze na kiazi chenyewe, maana hapo ndipo udanganyifu ulipo. Kiazi mviringo kina macho mengi, kila jicho ni mche unaosubiri. Unakiacha kichipue, unakipanda, na mwisho wa msimu shina moja linakupa viazi vingi. Kiazi cha okidi hakina hesabu hiyo. Kwa kawaida kina chipukizi moja tu, kichwani. Mvua zikianza, chipukizi hiyo hutoa majani na ua kwa akiba iliyomo ndani, na huku kiazi kinasinyaa, mmea unajenga kingine pembeni yake kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ukichimba utavikuta viwili: cha zamani, cheusi na kilicholegea, na kipya, cheupe na kigumu. Mchimbaji huchukua kipya, maana ndicho chenye nyama. Kwa maneno mengine anachukua mwaka kesho wa mmea huo. Mmoja unazaa mmoja. Hata ungepanda gunia zima, ungevuna karibu gunia hilohilo, kama umebahatika.

Basi tupande mbegu? Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Mbegu ya okidi ni vumbi. Tunda moja linaweza kubeba maelfu ya mbegu, na kwa aina nyingine hata zaidi ya milioni, zinazopeperuka na upepo mdogo tu. Wepesi huo una gharama yake. Mbegu ya mahindi au maharage imefungiwa chakula na mama yake, ndiyo maana inaota hata kwenye pamba yenye maji, kama tulivyofanya sote shule ya msingi. Mbegu ya okidi imetumwa safari bila hata kifurushi cha mihogo. Ikitua ardhini haina cha kula, na peke yake haiendi kokote.

Aliyegundua inachosubiri ni kijana wa Kifaransa, Noël Bernard, mwaka 1899. Alikuwa jeshini, na katika matembezi yake msituni akakuta miche midogo ya okidi iliyokuwa imeota chini ya majani yaliyooza. Alipoichunguza, yote ilikuwa na nyuzi za ukungu ndani yake. Si ugonjwa. Ukungu huo ndio ulioilisha.

Nasema ukungu, na Kiswahili kinanichekesha hapa, maana Kitulo ina ukungu wa aina zote mbili: ule unaoshuka asubuhi hadi usimwone ng'ombe aliye hatua kumi mbele yako, na huu mwingine wa udongoni, jamii ya uyoga, wenye nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui. Nyuzi hizo huingia kwenye mbegu, zikajikunja ndani ya seli zake kama kamba kwenye kapu. Kisha okidi huzimeng'enya. Ndiyo, huzila. Chakula ambacho ukungu umekitoa kwenye nyasi na majani yaliyooza kinakuwa mwili wa okidi, na mche hukaa chini ya ardhi ukilishwa hivyo mpaka uwe na nguvu ya kutoa jani la kwanza. Ua huja baada ya miaka kadhaa. Ukungu wenyewe unapata nini hapo mwanzoni? Kidogo sana, ukiniuliza mimi.

Tena baadhi ya ukungu wanaolea okidi ni ndugu wa karibu wa Rhizoctonia, ule unaoacha magamba meusi kwenye viazi mviringo na kuchoma machipukizi yake. Ukoo mmoja, huku ni mlezi, huko ni mwizi wa shambani.

Sasa utaona kwa nini nyika ile haihamishiki. Kitulo ina aina zaidi ya 350 za mimea, na 45 hivi kati yake ni okidi za ardhini. Baadhi ya mimea ya huko haioti popote nje ya milima hii. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano, ambayo Mlima Rungwe wa jirani ni mmoja wa mashahidi wake. Kipupwe huleta sakitu inayounguza majani ya mche wowote unaotaka kuwa mti, kwa hiyo nyasi hubaki na jua lote. Moto wa kiangazi ukipita, unachoma kilicho juu. Okidi imelala chini na kiazi chake. Na si kwamba okidi zote zinalala popote. Zipo zinazotaka mabonde yenye maji, miguu ikizama, na zipo za matuta makavu, hatua chache tu juu yake. Kila moja ina wadudu wake pia: Habenaria nyingi zenye maua meupe hunukia usiku, kwa ajili ya nondo wenye ulimi mrefu. Jembe likipita mara moja kwa ajili ya viazi, unachopindua ni vile viazi vya okidi, nyuzi za ukungu, na unyevu uliozitunza.

Mwaka 2005 nyika hiyo ikawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Watu walishaiita Bustani ya Mungu muda mrefu kabla ya hapo. Uchimbaji ndani ya mipaka ni kosa, na okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Nje ya mipaka, milimani Uporoto na kwingineko, jembe dogo la mchimbaji na jembe kubwa la mkulima vinafika kabla ya karatasi za mkataba.

Je, haiwezekani kabisa? Inawezekana maabarani. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu za okidi huota bila ukungu zikiwekwa kwenye chupa safi yenye sukari na madini. Okidi nyingi za madukani zimelelewa kwa njia hiyo. Lakini chupa inataka chumba kisicho na vijidudu, umeme, na mtu wa kusubiri miaka. Kisha mche huo wa chupani inabidi uzoee udongo, sakitu na jua la Kitulo, ili mwishowe utoe kiazi kimoja kidogo. Hapo debe la viazi mviringo linashinda bila kutoka jasho.

Niliporudi Matamba nilimtafuta yule mzee nikamweleza yote haya, tukiwa tumekaa juu ya magunia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hiyo chikanda inataka ukungu."

"Ndiyo, mzee."

Akaangalia bomba la kunyunyizia dawa lililokuwa limeegemea ukuta. "Mimi nusu ya pesa yangu inaishia kwenye dawa ya kuua ukungu, mwanangu. Nianze tena kuufuga?"