"Bado sijala": asusa tusizozihesabu na uzito unaopanda

Swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayekuja kliniki ya lishe kwa ajili ya uzito ni jepesi: leo umekula nini? Kama ni saa sita mchana, jibu nililolizoea ni "Bado sijala." Tukizidi kuzungumza inabainika kwamba asubuhi alikunywa chai ya maziwa na maandazi mawili, saa nne alipitiwa na muuza karanga akanunua za kuzugia njaa, kisha akashushia soda kwa sababu ya joto. Wala hadanganyi. Kwetu kula ni ugali, wali au ndizi. Vingine ni vya kuchangamsha kinywa.

Tuvihesabu basi. Andazi moja la ukubwa wa kawaida lina takriban kilokalori 200, yaani zile ambazo wengi huziita kalori tu. Karanga za kujaa kiganja, kama gramu 30, zina 170 hivi. Soda ya mililita 350 ina karibu 140, zote za sukari. Jumla ni zaidi ya 700, nayo ni zaidi ya theluthi moja ya mahitaji ya siku nzima ya mwanamke wa kawaida, ambayo ni kama 2,000. Na chakula cha mchana hakijapakuliwa, na kikipakuliwa hakipunguzwi hata kijiko, maana mwenyewe anaamini hajala.

Mafuta ndiyo yanayofanya asusa zetu ziwe nzito kuliko zinavyoonekana. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga au sukari 4. Ndiyo maana muhogo wa kuchemsha na muhogo wa kukaanga, ingawa umetoka shina moja, si chakula kimoja tena. Vinywaji navyo vina ujanja wao: sukari iliyo majimaji haishibishi kama chakula cha kutafuna, hivyo huongezwa juu ya mlo bila kuchukua nafasi ya chochote. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5, kama vijiko sita vya chai. Mtu wa vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, ameshavuka hapo kabla ya soda.

Je, kula mara nyingi kwenyewe kunanenepesha? Hapana. Wala si kweli, kama inavyosemwa kwenye mitandao na kumbi za mazoezi, kwamba kula kidogo kidogo mara sita huuchochea mwili uunguze mafuta zaidi. Jumla ikiwa ile ile, matokeo hayatofautiani kwa maana. Ila kwa watu wengi jumla haibaki ile ile. Kila mkono unapokwenda mdomoni ni nafasi nyingine ya kuzidisha.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Asusa si sababu pekee, lakini ndiyo inayorekebishika upesi.

Dawa ninayoanza nayo ni daftari. Kwa siku tatu andika kila kilichopita mdomoni, pamoja na mboga uliyodokoa jikoni, ubuyu wa ofisini na makombo ya sahani ya mtoto (akina mama, hapa ndipo wengi hucheka). Kisha angalia ni kipi ulikula kwa njaa na kipi kwa kuwa kilikuwepo. Cha njaa kibaki, hata kama utakibadilisha kiwe chungwa, tango au yai la kuchemsha. Kifungua kinywa chenye maharage kitakufikisha mchana kuliko maandazi matupu.

Ushauri huu si wa mtoto mdogo. Tumbo lake ni dogo na asusa bora kati ya milo anaihitaji. Mjamzito naye asijipunguzie bila ushauri. Na mwenye kisukari anayetumia insulini asiache asusa aliyopangiwa kabla ya kuonana na daktari wake: sukari ikishuka ghafla, soda ile ile niliyoilaumu hapo juu ndiyo atakayopewa.