Tovuti kamilifu si ile inayofanana kwenye kila skrini

Dhana kwamba tovuti kamilifu lazima ilingane na mchoro wa mbunifu, pikseli kwa pikseli, imerithiwa kutoka uchapaji. Karatasi ina upana mmoja, kivinjari hakina. Miaka ya 2000 kurasa nyingi zilifungiwa kwenye upana wa pikseli 960, kwa kuwa skrini zenye upana wa pikseli 1024 zilikuwa za kawaida. Mwaka 2010 mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alipendekeza muundo unaojirekebisha kulingana na skrini. Dhana ile bado ipo, hasa kwa wateja wanaolinganisha simu na picha waliyoidhinisha.

Msomaji naye ana uamuzi wake. Vivinjari vingi huanza na maandishi ya pikseli 16, lakini mtu mwenye macho dhaifu anaweza kuyakuza mara mbili. Kitufe kilichopewa kimo cha pikseli 40 bila nafasi ya kurefuka kitakata maneno. Kiwekee tu kiwango cha chini cha kimo, na maandishi uyapime kwa rem, kipimo kinachofuata ukubwa wa maandishi aliouchagua msomaji kwenye kivinjari.

Kipimo kizuri ni hiki: fungua dirisha la pikseli 1280, kuza hadi asilimia 400. Ukurasa unabaki na nafasi ya pikseli 320, upana unaotajwa na WCAG 2.1, mwongozo wa 2018 wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu. Ikibidi kusogeza kulia na kushoto ili umalize mstari mmoja, kuna kasoro. Mara nyingi chanzo ni picha isiyowekewa ukomo wa upana wa asilimia 100 ya nafasi yake, au anwani ndefu ya wavuti isiyokatika. Ramani na majedwali ya takwimu yamesamehewa.