Je, wajua ankara ya kila tarehe 31 hutoka lini mwezi wa Februari?

Tuseme una kampuni ya ulinzi mjini Nakuru. Kuna mteja unayemtoza shilingi 50,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Umechoka kuandika ankara ileile kila mwisho wa mwezi, ukaingia kwenye programu ya uhasibu na kuiagiza iwe inaitoa yenyewe kila tarehe 31, kuanzia Januari. Sasa Februari haina tarehe 31. Itakuwaje?

Kwanza ujue kwamba humo ndani hamna ankara kumi na mbili zinazosubiri zamu. Kuna kiolezo kimoja tu chenye jina la mteja, huduma, bei na kiwango cha kodi, na pembeni yake tarehe ya ankara ijayo. Kila siku mfumo hupitia violezo vyote, na kile ambacho tarehe yake imewadia hunakiliwa kuwa ankara kamili yenye namba. Kisha hupigwa hesabu ya tarehe inayofuata.

Hesabu hiyo ndiyo yenye mambo. JavaScript, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, ukiiambia isogeze Januari 31 mwezi mmoja mbele bila kuiwekea tahadhari, huvuka Februari nzima ikaangukia Machi 3. Java, lugha nyingine ya aina hiyo, hurudi nyuma hadi Februari 28. Hiyo ni nafuu, ila programu ikiendelea kuhesabu kutoka hiyo 28, ankara ya Machi nayo itatoka tarehe 28, Aprili vivyo hivyo, na 31 yako ndiyo basi tena. Dawa ni kuikumbuka tarehe ya mwanzo. Stripe, mfumo wa malipo ya mtandaoni, hufanya hivyo: aliyeanza Januari 31 hutozwa Februari 28, kisha Machi 31, kisha Aprili 30. Programu yako ikiwa na chaguo la siku ya mwisho ya mwezi, chagua hilo.

Mimi lakini naogopa zaidi kodi. Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Kiolezo kilichoandikwa 16 hakina habari na hayo. Kingeendelea kudai 58,000 badala ya 57,000, mwezi baada ya mwezi, kwa miezi tisa. Na wengi hapa hukosea: wanafungua ankara iliyokwisha kutoka, wanarekebisha kiwango, wanaridhika. Umerekebisha hiyo moja tu. Ya mwezi ujao itatoka na kosa lilelile, kwa sababu kiolezo hukukigusa.

Kama kiasi hubadilika, tuseme kuna walinzi wa ziada mwezi wa sikukuu, usiruhusu ankara iende moja kwa moja kwa mteja. Programu ya uhasibu ya Xero, kwa mfano, inakubali ibaki rasimu mpaka uipitie mwenyewe.

Na jaza tarehe ya mwisho wa mkataba siku hiyohiyo unapoweka kiolezo. Usipojaza, walinzi watakuwa wameshaondoka getini huku ankara za 50,000 zikiendelea kutoka, kila moja ikiingia vitabuni kama mapato na kama deni la mtu asiyedaiwa chochote, na kila moja itahitaji hati ya kupunguza deni ili kuiondoa.